Ladha ya Maziwa ya Ngamia Hufunzwa

Mwalimu au muuguzi akihamishiwa Garissa kutoka Nyeri au Kakamega, haupiti muda kabla hajaambiwa mambo mawili kuhusu maziwa ya ngamia. Wageni wenzake humwambia yananuka moshi kwa sababu vyombo ni vichafu. Wenyeji nao humwambia kwa upole asijisumbue, maana haya ni maziwa ya waliozaliwa nayo na ulimi wa mgeni hauyawezi. Wa kwanza wanadharau, wa pili wanajivunia, lakini wote wanakubaliana kwamba hapa hakuna cha kujifunza. Mimi napinga pande zote mbili.

Chukua mvinyo. Katika mji huu wa Waislamu hautauona mezani, ila namna watu wanavyojifunza kuuonja inafaa kuangaliwa. Anayetaka kuujua, awe Ufaransa au Dodoma kunakolimwa zabibu zake, huonja aina mbili tatu kwa pamoja, hunusa kabla ya kumeza, huuliza zabibu zilikua kwenye udongo gani na mwaka ule mvua ilinyeshaje. Wala hakuna anayemwambia kwamba ulimi wake haukuzaliwa huko. Na yale mapipa ya mwaloni ya kuhifadhia mvinyo, yanayosifiwa sana? Mafundi huyachoma ndani kwa moto, makusudi, ili mbao ziachie harufu na ladha yake kwenye kinywaji. Sijasikia mtu akiuita moto huo uchafu.

Basi nenda kamwangalie mama wa Kisomali akiandaa chombo. Anakiosha, anakikausha, kisha anaingiza ndani kijinga chenye kaa jekundu na kufunika. Moshi unazunguka humo, chombo kinapata joto, ndipo anapokitikisa, anamwaga makaa na kusugua masizi yote. Hafanyi hivyo kwa mti wowote ule, kwani kuna miti inayotoa moshi mtamu na mingine inayoacha uchungu, na kila nyumba ina uchaguzi wake. Zamani chombo kilikuwa dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kisivuje. Leo mara nyingi ni mtungi wa plastiki wa manjano, nao hufukizwa vilevile. Moshi hupunguza vijidudu na kuchelewesha maziwa kuchacha katika nchi yenye joto kali na jokofu chache. Harufu ile inayomkunja mgeni uso ni dalili kwamba mtu alishughulika na chombo.

Chini ya moshi kuna maziwa yenyewe, nayo hayana ladha moja. Ngamia hubeba mimba kwa karibu miezi 13, na akishazaa anaweza kukamwa kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo mnyama yuleyule hukamuliwa wakati wa masika, majani yakiwa mabichi, na hukamuliwa tena katika kiangazi cha Januari hadi Machi, chakula kikiwa vichaka vikavu. Akila mimea ya chumvichumvi, utaisikia chumvi mdomoni. Akikosa maji kwa siku nyingi, maziwa yake huwa mepesi zaidi badala ya kuwa mazito, jambo linalomsaidia ndama kuishi. Anayekunywa maziwa mepesi mwezi wa Machi na kumshtaki muuzaji kwamba ametia maji huenda anamwonea. Huenda pia yuko sahihi, kwa kuwa wapo wanaotia maji kweli, na ndiyo sababu inafaa kujua tofauti.

Wenye wasiwasi wana hoja moja nzito, nami naipokea yote. Moshi hauui kila kitu. Ugonjwa wa brusela upo kwa mifugo ya eneo hili na hupita kwenye maziwa mabichi. Moshi mwingi pia unaweza kuficha maziwa yaliyoanza kuharibika, na chumvi iliyozidi huweza kutoka kwenye kiwele kinachougua wala si malishoni. Anayeanza na achemshe. Ladha hupungua kidogo tu, moshi unabaki, chumvi inabaki.

Aanze na chai. Chai ya maziwa ya ngamia, yenye iliki na tangawizi, humzoesha mtu moshi bila kumshtua. Kisha anunue maziwa ya siku hiyo kwa akina mama wawili tofauti, ayachemshe mbalimbali, ayaache yapoe na kuonja moja baada ya jingine. Hapo ndipo ulimi unapofunguka, kwa sababu tofauti hugunduliwa kwa kulinganisha. Suusac, yaani yale yaliyochachushwa kwa siku moja au mbili, ije baadaye, maana ukali wake unahitaji mtu aliyekwisha kuuzoea moshi. Yasipoganda mabonge kama mtindi wa ng'ombe asidhani yameharibika, kwani maziwa ya ngamia hubaki ya kumiminika. Na aulize: "Mama, ngamia hawa wanalishwa upande gani? Huko mvua imenyesha?" Muuzaji aliyezoea kuulizwa bei tu atashangaa kidogo, kisha atajibu kwa kirefu.

Mjadala huu naujali kwa sababu ya bei. Maadamu mnunuzi anaamini maziwa ya ngamia ni yaleyale, mama aliyechagua kuni, akafukiza vizuri na asitie tone la maji hulipwa sawa na aliyejaza mtungi bombani. Vivyo hivyo maziwa yakisafirishwa hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi: ya huyu na ya yule humiminwa pamoja, na kazi ya fundi hupotelea humo. Sokoni Garissa wapo wanunuzi wachache wanaofungua kifuniko, wakanusa, wakaonja tone kwenye kiganja, na wakaongeza shilingi chache bila kuombwa. Wauzaji wanawajua kwa majina, na huwawekea akiba mtungi ulio bora.