Mizani ya Mpagazi

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila kilichotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo kilikwenda begani au kichwani mwa mtu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa na shanga vikapanda bara, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira wa mapatano na posho ya njiani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Ukizidishwa, mpagazi aliukataa mbele ya wenzake kabla msafara haujang'oa nanga, au aliupokea kimya kimya, kisha usiku akatoroka. Tajiri aliyeijua kazi yake hakungoja kufikishwa hapo.

Hatuipambi njia ile. Ndiyo waliyopitishwa watumwa, ndui na njaa viliua wengi, na wapo waliobeba pembe nzito kupita kiasi kwa fahari na malipo ya ziada. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916, wabebaji wa majeshi ya pande zote, wengi wao wamekamatwa kwa nguvu, walikuwa wakifa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Mbebaji wa jeshi hakuwa na nafasi ya kuukataa mzigo.

Je, kuli wa leo anayo? Simama kwenye ghala la mahindi wakati Fuso linapakiwa. Wawili wanamtwika wa tatu. Anatembea kwa hatua fupi fupi, kandambili miguuni, anapanda ubao uliolazwa kutoka chini hadi kwenye bodi la gari. Ubao unapinda katikati. Akifika juu anajizungusha kiunoni ili gunia litue mahali pake, na hapo kwenye kujizungusha ndipo mgongo unapoumia. Gunia lenyewe ni lumbesa: limejaa, likaongezewa kilemba juu, kikashonwa kwa kamba.

Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo wamelihubiri jambo hilo miaka nenda rudi: mazao yasifungashwe zaidi ya kilo 100. Ni vita ya haki, kwani mkulima anapunjwa. Lakini katika hotuba zote hizo anayetajwa ni mwenye mahindi, anayeyabeba hatajwi. Hata hizo kilo 100 halali ni karibu mara mbili ya 55 ambazo Shirika la Kazi Duniani lilizipendekeza mwaka 1967 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume mzima.

Mwajiri ukimuuliza atakujibu: yule si mfanyakazi wangu, ni kibarua. Jibu hilo limetuchosha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aizuie hatari kabla haijajeruhi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, ulioanza kazi Julai 2015, ni msaada mkubwa kwa aliyeumia akiwa na mkataba na jina lake limo kwenye orodha. Mgongo wa kuli hauvunjiki siku moja. Unalika msimu kwa msimu, katika maghala ya matajiri tofauti, na siku anaposhindwa kuinama hakuna hata mmoja anayekumbuka kuwahi kumwajiri. Ndiyo maana toleo hili tumelielekeza kwa waajiri, na hasa kwenye uamuzi ambao ni wao peke yao wanaoufanya: uzito wa mzigo.

Tutaambiwa biashara haitakwenda. Mbona mbolea inakwenda? Inaingia kabla ya mvua katika mifuko ya kilo 50, na saruji vivyo hivyo, na wanaoishusha ni walewale watakaopakia mahindi baada ya mavuno. Aliyeipima mbolea alikuwa kiwandani. Anayeyapima mahindi yuko hapa hapa, na magunia ya kilo 50 yanauzwa sokoni. Ila akiyanunua aache kulipa kwa gunia, alipe kwa tani, tena bei ipande kidogo kwa sababu safari za ubaoni zimeongezeka. Na huo ubao aubadilishe.