GEJI 28 AU GEJI YA UONGO? TBS TOKENI MPAKANI, NJOONI MADUKANI!

Ndugu msomaji wa Bukoba na Muleba, kabla hujaendelea kusoma, inua macho uangalie paa lako. Bati ulilonunua kwa jasho la kahawa ni geji ngapi? Nani alikuambia? Muuzaji. Na yeye aliambiwa na nani? Karatasi iliyobandikwa kwenye bando. Na karatasi hiyo nani aliihakiki? Hapo ndipo kimya kinapoanza.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016 ardhi ilitutikisa kwa kipimo cha 5.9. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Watu walikufa, na maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka. Mwezi huo huo Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti ya michango yenye jina kama la ile halali. Januari 2017 akaja mwenyewe akasema serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Tukasikia. Watu wakauza ng'ombe, wakauza miti, wakaweka rehani vibanja, wakanunua mabati na nondo kwa fedha zao.

Sasa tunauliza: kama serikali haikuwa na bati la kutupa, je, ilishindwa hata kuhakikisha kwamba bati tunalouziwa ni bati kweli?

Mama yangu, huko Kamachumu, alinunua mabati ya "geji 28". Kabla ya miaka mitano kutimia, kutu ikaanza kwenye misumari, ikatambaa. Mwaka huu niliazima maikromita kwa fundi wa gereji, nikapanda nikapima. Milimita 0.27! Nikarudi dukani. Mzee wa duka akaniangalia juu mpaka chini, akasema: "Kijana, hiyo ni geji 28 ya kiwanda."

Geji 28 ya kiwanda! Nikaenda kutafuta maana yake, na nilichokuta ndicho kinachonifanya niandike. Geji si kipimo kimoja. Namba ikikua, bati linakuwa jembamba zaidi, hilo wengi tunalijua. Tusichoambiwa ni kwamba yapo majedwali zaidi ya moja. Katika jedwali la zamani la Waingereza, geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni 0.315, na geji 32 ni 0.274. Katika jedwali la Wamarekani la mabati yaliyopakwa zinki, geji 28 ni karibu milimita 0.47. Kwa hiyo bati la mama ni geji 32 kwa Mwingereza, na kwa Mmarekani ni aibu tupu. Lakini dukani Muleba ni 28, na bei ililipwa ya 28.

Na huo ni unene tu. Zinki ndiyo inayolinda chuma, kwa sababu yenyewe huliwa kwanza. Ikipakwa nyembamba, inakwisha upesi na chuma kinabaki uchi kwenye mvua zetu hizi za ziwani. Hilo hulioni kwa macho. Linapimwa maabara, kwa gramu za zinki kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana mwananchi analipa kodi awepo mpimaji.

Mpimaji yupo! Anaitwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 imempa meno. Tangu Februari 2012 kuna utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, kwa kutumia kampuni za kimataifa. Mzigo unatakiwa kuja na cheti cha ubora. Bila cheti, mwenye mzigo anakuwa na kesi.

Utaratibu mzuri. Lakini mwaka huo huo wa 2012 nchi nzima ilishuhudia sakata la ukaguzi wa magari nje ya nchi. Wabunge waliokwenda Hong Kong na Singapore kutafuta ofisi za wakaguzi hawakuziona. Mkurugenzi Mkuu wa TBS akasimamishwa kazi, na waziri wa viwanda na biashara akang'oka. Somo lake ni moja: cheti ni karatasi mpaka mtu apime kitu chenyewe.

Na nani anayebanwa na karatasi hiyo? Nenda Mutukula. Kampala ni jirani yetu kuliko Dar es Salaam, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa kwa mbwembwe Novemba 2017. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na wenzake. Mama mwenye mabati kumi na misumari ya kilo tatu anaulizwa cheti hadi jua linazama. Lakini bando likishafika dukani, nani anakwenda na maikromita? Kwetu Kamachumu sijawahi kumwona hata mmoja!

Tatizo la nondo ndilo la kuogopesha zaidi, maana bati bovu linakunyeshea lakini nondo mbovu inakuzika. Nondo ya milimita 12 ina kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 inatakiwa kuwa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 haifiki kilo 7 na nusu. Ukiuziwa ya 10 kwa jina la 12 umeibiwa chuma karibu theluthi moja, katika mkoa uliokwisha kutikiswa! Ndugu msomaji, huhitaji maabara. Mizani ya kahawa ipo kijijini. Pima nondo yako kabla hujamkabidhi fundi.

Sisi watu wa Kagera tunajua gharama ya kazi isiyofanywa na aliyelipwa kuifanya. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha. Hakuna aliyehesabu. Tulihesabu sisi, makaburini.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, geji ipigwe marufuku kama kipimo cha kuuzia; kila bati lipigwe muhuri wa milimita na kiasi cha zinki. Pili, TBS na Wakala wa Vipimo wapite madukani Bukoba, Muleba, Kemondo na Nshamba bila kupiga simu kwanza, na majibu yabandikwe ofisi ya kata. Tatu, mnunuzi akiomba kuona cheti cha mzigo aonyeshwe, siyo atukanwe.

Watasema hawana watu wa kutosha. Mpakani wanatosha! Wapunguzeni wanaohesabu misumari ya akina mama, muwape maikromita.

Na wewe msomaji, usinunue tena kwa namba ya mdomoni. Uliza milimita. Muuzaji akikasirika, umekwisha kupata jibu.