Nyumba Haingoji Msimu

Wapo watu wanaoudhani utamaduni kuwa ni ngoma ichezwayo mbele ya mgeni wa heshima. Ngoma ikiisha na viti vikirudishwa mahali pake, wao huamini kwamba utamaduni nao umekunjwa pamoja na maturubai hadi mwaka ujao. Dhana hii imetudhuru sana, na waliodhurika zaidi ni watoto wetu. Imetufanya tuamini kwamba siku yenye maana ni siku ya shamrashamra, na kwamba siku nyingine zote ni za kupita tu.

Hebu tuitazame Mtwara: pwani yake tangu Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma, pamoja na uwanda wa Makonde huko Newala na Tandahimba. Huku mwaka wa familia huhesabiwa kwa korosho. Fedha za korosho zikiingia ndipo mabati hununuliwa, harusi hufungwa na wari kuvishwa nguo mpya. Hayo hayana ubaya, kwani mkulima aliyetoka jasho ana haki ya kufurahi. Ubaya huingia pale baba anapokaa kimya na wanawe miezi kumi, kisha akataka kuununua moyo wao kwa siku mbili za pilau, muziki wa kukodi na mpiga picha.

Kwanza, furaha iliyofungwa kwenye msimu ina mhimili dhaifu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi tani 17,000 hivi. Ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeishambulia mikorosho, bei haikumtia mkulima moyo, na wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vilivyokuwa mbali na mashamba yao ya zamani. Hata mwaka 2018, minada ilipokwama na serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walikaa muda mrefu wakingoja malipo. Ikiwa upendo wa nyumbani nao unangoja mnada, je, mtoto afanyeje mwaka ambao mnada umekwama? Ajiahirishe utoto wake?

Waulizeni waliokuwa watoto katika miaka ile ya shida. Ni wachache watakaotaja sherehe. Wengi watawasimulia ming'oko iliyochemshwa jioni, na jinsi bibi alivyochagua wa kumenya na wa kugawa. Watawasimulia vitendawili vilivyotegwa gizani kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa haba. Watawasimulia njia ndefu ya kuteremka bondeni kuteka maji, na maneno ya shangazi njiani. Vivyo hivyo wale waliovuka Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji kati ya mwaka 1964 na 1974 hawakuweza kubeba nyumba zao. Walibeba majina ya wazee wao, namna yao ya kupika na hadithi zao. Kilichovuka mto ni kile kilichokuwa kikifanywa kila siku, hata kikakaa mwilini.

Baadhi ya wazazi watajibu kwamba kazi hii ina mahali pake maalumu. "Atafundwa unyagoni," husema mama. "Jando litamnyoosha," husema baba. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi, nasi hatuna budi kulikemea bila kumung'unya maneno. Zamani vijana walikaa kumbini kwa miezi mingi. Leo mara nyingi huingizwa wakati wa likizo za shule, kwa majuma machache tu. Lakini hata zamani kumbi halikuchukua nafasi ya nyumba. Jando ni muhuri, na muhuri hauandiki barua. Barua huandikwa nyumbani, mstari kwa mstari, tangu mtoto anapoweza kushika kata ya maji. Mzazi apelekaye karatasi tupu ikapigwe muhuri asishangae baadaye kwamba haisomeki. Wahenga hawakusema kwamba asiyefunzwa na somo wake hufunzwa na ulimwengu, walimtaja mamaye.

Mfikirieni pia mjomba. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, mjomba alikuwa nguzo ya malezi. Leo katika nyumba nyingi amegeuka kuwa jina katika orodha ya michango. Akitoa fedha huhesabiwa kuwa amelea. La hasha! Mchango si malezi.

Sasa maana hiyo ya kila siku huletwa na nini? Huletwa na kumpa mtoto nafasi, kumweleza sababu, na kurudia. Chukueni mfano wa pwani. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hupwa mbali na kina mama hushuka ufukoni kutafuta chaza na pweza. Mama mmoja humburura mwanawe, humtwika ndoo, humkaripia akichelewa, na hurudi naye bila neno. Mama mwingine humwonyesha mwezi usiku uliotangulia. Humwambia kwa nini leo maji yatakimbia na kwa nini juma lijalo yatakuwa maji mafu. Njiani humtajia miti: huu ni mkoko, huu ni mchu, ule ni mkandaa. Mwezi ufuatao humwuliza mtoto: "Mwanangu, twende lini?" Kitoweo cha kina mama hao wawili huenda kikalingana. Lakini mtoto wa kwanza amerudi na uchovu, na wa pili amerudi na urithi. Tena urithi huo haukugharimu hata senti moja, wala haukuongeza saa moja katika kazi za mama yake.

Kwa hiyo udhuru wa umaskini na udhuru wa kukosa muda haisimami. Hatumwombi mvuvi wala mkulima aache kazi ili akacheze na watoto. Twamwomba asiifanye kazi hiyo kama bubu. Luninga na simu nazo tusizisingizie kila kitu. Simu haikuukuta mkeka wa jioni umejaa watu ikawafukuza. Katika nyumba nyingi iliukuta mtupu.

Wala hatudai kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Palikuwa na nyumba ambamo msichana alikuwa jikoni wakati kaka yake akisikiliza hekima za wazee, na wako wasichana ambao masomo yao yalikatizwa mara baada ya kutolewa unyagoni. Desturi ya namna hiyo haistahili kurithiwa. Tunachotaka ni sinia lipanuliwe: binti aketi, asikilize na kuuliza, na kijana wa kiume ajue kukuna nazi na kuosha sinia lenyewe baada ya kula.

Walimu mna kazi hapa. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aandike insha juu ya "sherehe niliyoihudhuria", mwagizeni aandike juu ya kazi moja ya nyumbani kwao: nani huifanya, nani alimfundisha, na kwa nini hufanywa hivyo. Hapo atalazimika kumwuliza mtu, na swali hilo litafungua mlango uliokuwa umefungwa pande zote mbili. Nanyi wanafunzi, msingoje wazazi waanze. Huenda baba yako ni mkimya kwa sababu yeye naye hakuna aliyewahi kumwuliza neno. Mwulize leo, mkiwa mnabangua korosho.

Wachongaji wa Kimakonde wametuachia somo katika mpingo. Katika kinyago cha mtindo wa ujamaa, watu wa ukoo mmoja hupandana na kushikana kutoka chini hadi juu. Ukikizunguka kinyago hicho utaona kwamba kila mmoja ana mahali pa kushika na kuna anayemshika. Vinyago hivyo huuzwa Mwenge, Dar es Salaam, na wageni huvipeleka makwao ng'ambo kuvipamba vyumba vyao. Itakuwa aibu iliyoje ikiwa sisi wenye ukoo tutauza sura ya ujamaa huku ndani ya nyumba zetu kila mtu akila peke yake na kunyamaza peke yake! Jioni ya leo itapita kama zilivyopita nyingine. Mpeni mtoto mahali pa kushika kabla haijapita.