Jani la Chai na Kipimo cha Joto



Tulipoalikwa harusini Kericho, tulipokewa na mama mjane mwenye shamba dogo la chai upande wa Bomet. Asubuhi, baridi ikituuma, binti yangu alimuuliza: "Mama, mbona sisi Pwani hatulimi chai, nasi jua tunalo tele?" Mama akacheka, akasema: "Mwanangu, jani hupenda mwanga, moto halitaki."

Kauli hiyo fupi ina elimu ndefu. Jani ni jiko. Huvuta hewa ya kaboni kupitia vitundu vyake vidogo, likaichanganya na maji kwa nguvu ya mwanga, likapika sukari ya kuukuza mti. Kazi hii wataalamu huiita usanisinuru. Wapishi wake ni vimeng'enya, navyo hufuata kipimo cha joto. Katika baridi huzubaa. Chini ya nyuzi 13 hivi, machipukizi ya chai karibu yasimame kukua. Kati ya nyuzi 25 na 30 jani hufanya kazi vizuri. Likipita 35, mambo hugeuka: vitundu hufumba ili maji yasipotee, hewa ya kaboni ikakosa mlango, na jani lenyewe likazidi kuila sukari liliyoipika. Tena jani lililo juani huweza kuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka.

Ndiyo maana chai ilistawi Kericho, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, penye mvua nyingi na udongo wenye asidi. Hata michungwa na milimau yetu, iliyozoea joto, hupunguza kazi adhuhuri jua likiwa kali.

Kwa mama yule, hili si somo la darasani. Yeye huchuma majani mawili na chipukizi, akalipwa kwa kilo. Kiangazi kikirefuka, kikapu huwa chepesi. Na usiku wa anga jeupe ukileta sakitu, majani huamka yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Karo ya wanawe imo ndani ya jani hilo. Watafiti wa chai hapo Kericho huteua miche inayostahimili ukame, lakini mche mpya huchukua miaka kabla ya kulipa. Naye mjane hana miaka ya kungoja.

Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo, nasi tunapokata misitu na kuchafua hewa, tunakivuruga kipimo hicho, na wa kwanza kuumia ni mnyonge.

Basi, mama uliye nyumbani, mlimau wako mchanga umwagilie alfajiri au jioni, na shina ulitandazie majani makavu. Na kikombe cha chai kisimwagwe ovyo: kuna mkono uliokichuma kwenye baridi.

Wabillahi tawfiq.