Njaa Haimfundishi Paka Kazi

Huku Dirma, kama ilivyo sehemu nyingi za wilaya za Hanang' na Mbulu, kuna neno linalorithiwa pamoja na ghala: paka akishiba, hakamati panya. Kwa hiyo paka aliyeokotwa mnadani au kuombwa kwa jirani huletwa ndani ya kiroba, hufungwa kamba kando ya magunia ya mahindi, na hunyimwa chakula ili ajue kazi iliyomleta. Kamba ikilegea, hatumwoni tena. Mwenye boma anabaki akilalamika kwamba paka hana shukrani. Mimi nasema paka hana kosa. Neno hilo la kurithi ndilo linalowanenepesha panya wetu.

Tusijidanganye kwamba hili ni jambo dogo. Wataalamu wa panya nchini hukadiria kuwa wanyama hawa huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka. Mbulu wana kumbukumbu chungu zaidi: mwaka 2007 ilizuka tauni wilayani humo, ugonjwa unaosambazwa na panya na viroboto wao. Paka si kinga ya tauni, maana naye huugua akila panya mgonjwa. Lakini katika kulinda nafaka ni msaidizi wa siku nyingi, na sisi tunamfukuza kwa mikono yetu.

Paka hawindi kwa sababu ya njaa tu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wanakula chakula wanachokipenda walionyeshwa panya. Waliacha mlo, wakamuua, kisha wakarudi kuendelea kula kile kile walichokiacha. Anayepinga anaweza kunijibu kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wa mwaka 2021: paka waliolishwa chakula chenye nyama nyingi walipunguza kwa asilimia 36 mawindo waliyoleta nyumbani. Naikubali takwimu hiyo. Ila hao walipewa chakula cha dukani kilichojaa nyama, na bado karibu theluthi mbili ya mawindo yalifika mlangoni. Paka wa Dirma anayepewa tonge la ugali na vichwa vya dagaa yuko mbali na anasa hiyo.

Tena ghala halilindwi na idadi ya panya waliouawa peke yake. Utafiti uliofanyika kwenye maboma ya vijijini Eswatini, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba panya walipungua kuzunguka-zunguka kutafuta chakula pale penye paka na mbwa pamoja. Penye mmoja tu hapakuwa na nafuu hiyo. Hofu ndiyo iliyowazuia. Hofu hiyo inataka paka mkaazi, anayepita ghalani usiku na mchana na aliyekwisha kuzoeana na mbwa wa boma. Paka mwenye njaa hakai. Anahamia kwenye jiko la jirani na vifaranga wake. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema tumwondoe wenyewe.

Kinachomfanya paka akae ni kukuamini, na hilo lina utaratibu wake. Mgeni tunampa siku mbili, ya tatu ndipo tunampa jembe. Paka tunampa jembe siku ile ile anayotolewa kwenye kiroba.

Mpe chumba kimoja chenye mlango unaofungika, beseni la mchanga, maji, na boksi lililolazwa ubavu ajifiche humo. Boksi si upuuzi: watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 2014 kwamba paka wageni waliopewa mahali pa kujificha walitulia mapema kuliko wasiopewa. Chakula kiletwe na mtu yule yule, saa zile zile. Usimvute atoke. Kaa chini, mtazame kwa pembeni, fumba macho taratibu kisha ufumbue. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulikuta paka humsogelea zaidi mgeni anayewafumbia macho hivyo kuliko mwenye uso wa kawaida tu. Watoto waambiwe wasimkimbilie. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati, kwa kuwa kichaa cha mbwa hakibagui paka.

Umri nao una usemi. Mtoto wa paka aliyeshikwashikwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake huwazoea upesi. Aliyekulia porini huenda asikubali kubebwa hata siku moja. Hilo lisikusumbue: ghala halihitaji paka wa kupakatwa, linahitaji paka anayejua kwamba hapo ndipo kwake.

Baada ya wiki mbili tatu, akishakula ukiwa umekaa karibu naye, fungua mlango muda mfupi kabla ya saa ya mlo wake. Atatoka, atanusa boma, na tumbo litamrudisha. Hiyo ndiyo kazi pekee ya njaa katika shughuli hii: kumkumbusha njia ya kurudi kwako. Tukiizidisha, inamwonyesha njia ya kwenda kwa wengine.

Najua jibu linalonisubiri: dagaa ni ghali, na watoto wenyewe hawajapata. Sawa. Lakini panya naye anakula humo humo ghalani, haombi wala hasubiri mabaki. Anayeona kiganja cha dagaa ni hasara akalipime kwanza gunia lililotobolewa, kisha aseme kati ya hao wawili ni yupi anayemlisha bure.