Idjwi: ziwa likifungwa, kisiwa kitakula wiki ngapi?

Kila mara vita vinapokaribia Goma ao Bukavu, kuna familia zinazosema: twende Idjwi. Kisiwa kiko katikati ya Ziwa Kivu, vita vingi vilipita kando yake, na udongo wake unaotesha karibu kila kitu. Wazo hilo lilipata nguvu tangu Februari 2024, wakati mapigano ya Sake yalikata barabara ya Goma–Minova, na zaidi tena baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mnamo Januari na Februari 2025. Lakini je, wilaya hii ya Kivu Kusini inaweza kweli kujilisha na kujisimamia wakati wa hatari?

Ukiangalia kwa makini, utaona kwamba inaweza kwa wiki chache. Kwa msimu mzima haiwezi, kama mambo yatabaki namna yalivyo.

Tuanze na kile ambacho kisiwa kinacho. Mvua inaruhusu kupanda mara mbili kwa mwaka, Septemba na Februari. Kuna mihogo, maharagi, ndizi, viazi vitamu, mtama na mananasi ambayo wauzaji wa Goma wanayajua sana. Kuna kahawa ya kuleta feza. Ziwani kuna sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna tawala mbili za kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na bami wao wanaweza kuitisha watu haraka kuliko ofisi yoyote. Wakati wa shida, hiyo nayo ni mali.

Sasa tupige hesabu. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni karibu kilomita 40, na nchi kavu haifiki kilomita mraba 350. Wakaaji wamepita 250,000. Maana yake kila kilomita mraba inabeba watu zaidi ya 700. Ukigawa ardhi yote sawasawa, pamoja na mawe, miteremko na njia, familia ya watu sita haipati hata hektari moja. Na haigawiwi sawasawa. Wambuti, wanaoitwa pia Batwa, walitolewa misituni na wengi wao hawana shamba kabisa. Mtu asiye na shamba hana cha kuweka akiba. Njaa ikiingia kisiwani, itapiga hodi kwake kwanza.

Shida ya pili ni kwamba chakula kinachovunwa hakikai. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini maharagi yasiyotunzwa yanaliwa na wadudu ndani ya miezi michache, kwa hiyo mama anauza mapema, kwa bei ya chini, halafu anarudia kununua kwa bei ya juu wakati wa kupanda. Gala la kweli la Idjwi ni muhogo, maana unaweza kubaki ndani ya udongo mwaka mzima na zaidi ukingoja mwenyewe. Lakini feza zikikosekana, ao wezi wakianza kuzunguka, watu wanaung'oa ukiwa mdogo. Wanakula gala lenyewe. Hata sambaza hawapatikani kila usiku. Wavuvi wanawavuta kwa taa, na mwezi ukiangaza sana taa hazina nguvu.

Shida ya tatu ni vitu ambavyo kisiwa hakitengenezi: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mazutu ya mashini za kusaga, dawa. Hospitali ya Monvu inaweza kuwa na waganga hodari, lakini dawa zinafika kwa boti. Na watu wanaochota maji ya ziwa bila kuyachemsha ao kuyatia dawa wanajua kipindupindu, ugonjwa usiongoja barabara ifunguliwe.

Ndiyo maana kwa Idjwi ziwa ni barabara kuu, na barabara hiyo nayo inaua. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova, likiwa limejaa kupita kiasi, lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Watu wengi kama hao walikuwa wamepanda boti kwa sababu barabara ya nchi kavu ilikuwa imekatwa. Njia moja ikifungwa, uzito wote unahamia kwenye njia nyingine ambayo haikuandaliwa kuubeba. Mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango, na noti zikawa haba. Mkulima wa kahawa akaelewa kwamba hata mwenye mazao anaweza kukosa chumvi.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanaosema "twende Idjwi" wanalisahau. Mahali pa kukimbilia panapata midomo mipya siku ileile chakula kinapopungua. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika hadi kisiwani, na walihitaji kuni, maji na mahali pa kulala kama wenyeji. Kisiwa kinachojitosheleza kwa watu wake hakijitoshelezi tena wakiongezeka kwa kumi ao ishirini kwa mia.

Basi, kifanyike nini? Kujiandaa hakuanzi na mradi mkubwa. Mtu mmoja anahitaji karibu kilokalori 2,100 kwa siku, kipimo ambacho mashirika ya misaada yanatumia. Kwa familia ya watu sita, mwezi mmoja unadai karibu kilo 72 za nafaka ao unga na kilo 11 za maharagi, pamoja na mafuta na chumvi. Kilo 11 si ndoto. Zinaingia ndani ya kidumu kimoja kikavu cha lita 20, kilichofungwa vizuri bila hewa, ambamo wadudu wanakufa wenyewe. Makanisa na vyama vya wakulima wanaweza kuweka gala la pamoja na kufunga mbegu za msimu ujao mbali na sufuria. Mahali pa mteremko, mitaro na majani ya kushika udongo. Kila kijiji klorini ya maji na chumvi ya miezi mitatu. Kila boti makoti ya kuelea na hesabu ya abiria, hata wakati watu wanalia ufukweni.

Lakini kuna mambo ambayo familia haiwezi kubeba peke yake: ardhi kwa Wambuti, dawa Monvu, na ulinzi wa njia ya ziwa. Hayo ni kazi ya wenye mamlaka, yeyote anayeshika muhuri.

Idjwi ni mahali pazuri pa kusubiri hatari ipite. Swali ambalo bami, viongozi wa makanisa na vyama wanapaswa kulijibu kabla ya kupanda tena mwezi wa Septemba ni moja: boti zikisimama kesho asubuhi, tuna wiki ngapi?