Tamko la wakamuaji wadogo wa mafuta wa Mwanza kuhusu ufuta

Sisi wakamuaji wadogo wa mafuta ya kula wa Mwanza na wilaya za kandokando ya Ziwa Victoria, baada ya kikao cha wanachama wote, tunatoa tamko hili kwa wateja, wakulima na mamlaka husika.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba. Wengi wetu tulijifunza kazi kwenye mbegu za pamba na alizeti, na mashine zetu zilinunuliwa kwa ajili hiyo. Siku hizi wateja wanaleta ufuta, na wapo miongoni mwetu wanaoumimina kwenye mashine iliyokamua pamba usiku wa jana. Jambo hilo tunalipiga marufuku. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo huondolewa mafuta yanaposafishwa kiwandani. Mafuta ya ufuta hayapiti huko: yanakamuliwa, yanatuama, yanachujwa kwa kitambaa, yanaingia sufuriani. Mabaki ya pamba yaliyogandia kwenye parafujo yanafuatana nayo hadi kwenye sahani ya mtoto.

Kuanzia leo kila mwanachama atenge mashine ya ufuta. Asiye na uwezo huo aifungue aliyo nayo, asugue parafujo na chujio, na mafuta ya debe la kwanza asiyauze.

Tunakiri kwamba ufuta ni msumbufu. Hauna ganda gumu la kuipa mashine mshiko. Ukiwa na unyevu hugeuka uji, ukazunguka na parafujo bila kusonga mbele. Hapo ndipo wengine huchanganya mbegu nyingine, kisha chupa ikaandikwa "ufuta halisi". Huo ni wizi. Anika, pepeta mchanga, rudishia mashudu makavu ya ufuta kidogo kidogo.

Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, ilhali mbegu ya pamba haifiki robo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania husafirishwa ghafi kwenda ng'ambo, nasi tunaagiza mafuta ya kupikia kutoka nje. Inatuuma. Gunia likikamuliwa hapa, mashudu nayo yanabaki kwa wafugaji wa kuku, mradi yahifadhiwe pakavu yasiingiwe na sumukuvu.

Tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likague mashine zetu, lisiishie kwenye rafu za maduka, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) litusaidie kupata mashine zinazoufaa ufuta. Mteja naye aulize: mashine hii mara ya mwisho ilikamua nini? Akitaka ifunguliwe aone, afunguliwe.

Imetolewa Mwanza na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama.